Sentensi ya Kisima

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza chuo ilikuwa kuandika mambo ambayo watu wengine walikuwa wamekubaliana, au walidai wamekubaliana. Hiyo ilikuwa Muscat, katikati ya miaka ya tisini. Nilisomea Kiingereza na tafsiri pale chuo kikuu, dakika kumi kwa gari kutoka nyumbani kwetu Al Khoudh. Kiarabu nilikuwa nacho cha skuli na cha mtaani. Kiswahili kilikuwa cha ndani ya nyumba. Wazee wangu walihamia Oman kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi nikiwa bado nanyonya, na Mama hakuwahi kutugombeza kwa lugha nyingine.

Walioniajiri walikuwa na mradi mdogo wa maji. Nchi kadhaa za mbali zilitoa fedha ili wataalamu wa Kiisraeli na wa Kipalestina wakutane mahali pasipokuwa kwao, wazungumze visima, mabomba na chemchemi. Makubaliano ya amani yalikuwa bado mabichi siku zile. Tuliambiwa kwamba mambo mazito, mipaka na mji mtakatifu na wakimbizi, yatakuja baadaye. Kwanza watu wazoee kukaa meza moja kwa jambo dogo kama maji, na baada ya miaka michache kutakuwa na madola mawili, jirani na jirani. Niliamini bila ya kulazimishwa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na sikuwahi kuwaona watu wazima waliovaa suti wakisema jambo kwa utulivu kiasi kile kisha lisiwe.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba vinne juu ya duka la samani. Aliyeiongoza alikuwa afisa wa wafadhili, Mzungu wa makamo, mpole, aliyejifunza salamu zote za Kiarabu na ambaye kila Jumamosi asubuhi, wiki ya kazi ikianza, aliniuliza Mama anaendeleaje. Alinipa kamusi yake mwenyewe ya istilahi za maji. Mtu akinisifia tafsiri yangu mbele za watu, yeye huongeza sifa. Nayasema haya kwa sababu nilimpenda, na sitaki nimwandike leo kama kwamba tangu mwanzo nilimjua.

Vikao vilifanyika hotelini mara mbili kwa mwaka. Mimi nilikaa pembeni na kompyuta, nikitafsiri palipohitajika na kuandika kumbukumbu kwa lugha mbili. Kikao cha kwanza nilikosea hata tarehe, maana sikuwahi kumwona Muisraeli ana kwa ana, na pale walikuwapo watatu, mmoja wao akiniomba sukari.

Kwa upande wa Palestina alikuwako mhandisi mmoja aliyekuja kila mara. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mrefu, ana kikohozi cha sigara. Alifanya kazi Kuwait karibu maisha yake yote ya ujana, akaondoka baada ya vita bila ya kitu zaidi ya masanduku, na yalipotiwa saini makubaliano akarudi kijijini kwao, Ukingo wa Magharibi, akidhani amefika mwisho wa safari zake. Kijiji kilikuwa na kisima kimoja cha zamani kilichobomoka ndani. Kukichimba upya kulihitaji kibali, na kibali hakitoki mpaka upande wa pili ukubali. Kwa hiyo katika kila kikao, yakishakwisha mazungumzo ya kitaalamu, alinyanyua mkono akauliza habari za kisima. Kila mara alijibiwa kwamba ombi linashughulikiwa, na kwamba kikao kijacho kutakuwa na jibu.

Safari yake ya tatu nilimkaribisha nyumbani chakula cha mchana, Ijumaa, kaka yangu akiwapo, maana baba yetu alikuwa ameshafariki na nyumba ya wanawake watupu haialiki mgeni wa kiume. Mama alipika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, akatengeneza na boko boko la ngano na nyama kwa kuogopa kwamba mgeni hatoupenda wali wetu. Aliupenda. Mama alizungumza naye kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja, akikwama tunamsaidia. Wakatambuana upesi, watu wawili waliozoea kuulizwa kwao ni wapi.

Mama alimuuliza kama nyumba ya wazee wake bado imesimama. Akasema ya kijijini imesimama, ila ile ya babu yake, iliyokuwa upande wa pwani, wanakaa watu wengine. Mama akamwambia yetu ya Unguja nayo wanakaa watu wengine, na wameipaka rangi ya kijani. Hapo wote wawili wakacheka, hata leo sijui kwa nini lile la rangi ya kijani liliwachekesha.

Tangu siku hiyo hakuja Muscat bila ya kufika kwetu. Alimletea Mama sabuni za mafuta ya zeituni na zaatari, majani makavu ya kwao yaliyochanganywa na ufuta, kwenye mfuko wa plastiki. Mama alimfungia halua na bizari. Alimwita "ndugu yangu", na yeye mhandisi alimwita Mama "hajja", ingawa wakati ule Mama hajenda kuhiji.

Kisha kule kwao moto ukawaka tena. Vikao vikasimama. Nilibaki ofisini kutafsiri ripoti za zamani, na jioni nilikaa na Mama mbele ya televisheni tukiangalia majina ya vijiji yakipita chini ya picha. Mhandisi alitupigia simu kila Idi. Hakusema mengi. Aliulizia afya, akasema maji sasa wanaletewa kwa lori siku barabara ikifunguliwa.

Baada ya miaka mitatu hivi mataifa makubwa yalikuja na mpango mpya, wenye hatua na muda wa kila hatua, na mwisho wake madola mawili. Habari za kila usiku zilitaja shinikizo la kimataifa. Nilikuwa nimelifasiri neno hilo mara nyingi sana kazini, na siku zote nilidhani kwamba shinikizo huwekewa anayekataa. Afisa wetu alifurahi. Aliniambia sasa dunia imeamka, mjumbe mkubwa anakwenda kule kuwabana wahusika, na sisi hatuna budi kuonyesha kwamba maji yanawezekana. Tukaitisha kikao.

Mhandisi alifika amekonda. Kikohozi kilikuwa kimezidi. Siku mbili za mwanzo alikaa kimya. Siku ya tatu, lilipoletwa tamko la pamoja ili wakuu wa pande mbili walitie saini, alikataa. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa upande wake. Alisema miaka yote hii ametia saini karatasi zinazosema mazungumzo yalikuwa mazuri, na leo hatii saini mpaka iandikwe sentensi moja: kwamba ombi la kisima cha kijiji chake limewasilishwa katika kila kikao na halijajibiwa hata mara moja, na kwamba bomba walilolitandaza wanakijiji kwa mikono yao limeng'olewa na magari ya jeshi. Hakupaza sauti. Mkuu wa upande wa Israeli, mtaalamu wa maji, mzee mwenye miwani minene, alitazama karatasi zake.

Mabishano yakaenda mpaka adhuhuri. Mhandisi alikuwa na tatizo la safari: kibali chake cha kupita daraja, la kutoka Jordan kuingia kwao, kilikuwa kinakwisha kesho yake, na ndege ilikuwa inaondoka alasiri ile. Mwishowe afisa wetu akasema, mbele ya watu wote, kwamba sentensi itaingia. Alipendekeza wakuu watie saini ukurasa wa mwisho pale pale, ili mhandisi awahi, na matini yenyewe itasafishwa jioni na kutumwa kwa faksi.

Mhandisi alinyanyuka akaja mezani kwangu. Watu walikuwa wanakusanya mafaili.

"Wewe ndiye utakayeiandika?" aliniuliza.

"Mimi."

"Kwa Kiarabu na kwa Kiingereza?"

"Kwa zote mbili."

Akachukua kalamu yangu, akatia saini, akaniambia nimsalimie hajja kwa kuwa safari hii hakupata wasaa wa kufika.

Nilipokwenda kunywa kahawa nilimkuta yule mzee wa Kiisraeli amesimama peke yake. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba alichokisema mhandisi ni kweli, kwa kuwa kisima hicho amekiona kwa macho yake na ombi amelisoma. Nilimuuliza kwa nini hakuyasema hayo ndani. Akanijibu kwamba mle ndani hakuwa peke yake. Akaweka kikombe chini, akaenda zake.

Jioni niliandika sentensi ile kama ilivyosemwa, neno kwa neno. Nikaihifadhi kwenye disketi kama kawaida yangu. Nilikuwa nasubiri printa ipate joto afisa alipoingia akavuta kiti karibu yangu. Alisema amepigiwa simu kutoka kwao, kutoka juu kabisa. Mjumbe anafika kule wiki ijayo, na hawataki pawepo karatasi yoyote yenye mhuri wa wafadhili inayoulaumu upande mmoja. Upande wa pili umeshasema kwamba ikibaki sentensi ile, wao wanaifuta saini yao. Tukiikosa saini yao, mradi unafungwa, na ukifungwa, hata hilo la kisima halitokuwa na mahali pa kuzungumzwa.

Nilimwambia ameahidi mbele ya watu. Akasema anajua, na kwamba itawekwa kwenye kiambatisho. Nikamuuliza kama kiambatisho kitakwenda pamoja na tamko. Akasema kitabaki kwenye faili.

"Ni sentensi moja tu," alisema. "Ukiifikiria amani yenyewe, ni sentensi moja tu."

Akanipa kikaratasi alichokwisha kukiandika kwa mkono. Kilisema pande zote mbili zilipitia hali ya vyanzo vya maji vilivyopo, na ziliridhika na maendeleo ya mazungumzo.

Ningependa kuandika hapa kwamba niligoma. Sikugoma. Katika droo yake mlikuwa na barua ya kunipendekeza kwa masomo ya mwaka mmoja Ulaya. Alikuwa bado hajaitia saini. Hakuitaja jioni ile, wala mimi sikuitaja, lakini ilikuwapo chumbani pamoja nasi. Nilifuta sentensi ya kisima, nikaandika ya kuridhika, kisha nikaigeuza kwa Kiarabu na nikachagua maneno laini kuliko hata yale ya Kiingereza, kwa mazoea tu ya kazi nzuri. Tulilifunga tamko pamoja na ule ukurasa wenye saini. Barua yangu ilitiwa saini baada ya siku tano.

Simu ya mhandisi ilikuja miezi miwili baadaye, mchana, ofisini. Aliuliza kwanza hali yangu na ya Mama. Kisha akaniambia kwamba ombi la kisima limekataliwa rasmi, na sababu iliyoandikwa ni kwamba mkuu wa ujumbe wao mwenyewe ametia saini kuridhika kwake. Nakala ya tamko imefika kwenye baraza la kijiji. Imesomwa kwa sauti. Vijana wanasema alipelekwa mahotelini akalishwa, akawauza.

"Sentensi iko wapi?" akauliza.

Nilimwambia imewekwa kwenye kiambatisho.

"Na kiambatisho kiko wapi?"

Nikamsikia anakohoa mbali na simu, kwa adabu, kama alivyokuwa akifanya mezani kwetu. Aliporudi aliniambia kwamba yule Mzungu hakumtegemea hata siku moja, na wale wa mataifa makubwa hakuwategemea, na lau wangekuwa ni wao peke yao asingeutia saini ule ukurasa. Mimi sikumuuliza ni nani basi aliyemtegemea. Akaniomba nimsalimie Mama, akaaga.

Nilifika nyumbani kabla ya alasiri. Mama alikuwa jikoni anachagua mchele kwenye sinia. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote, na barua ya masomo nikaitaja, maana nilijua kwamba nikiiacha hiyo nitakuwa sijasema kitu. Aliendelea kuchagua mchele mpaka nikamaliza.

Kisha akanihadithia jambo ambalo hakuwahi kulihadithia mbele yangu. Baada ya mapinduzi Unguja, alisema, walipita watu mitaani na daftari, wanaandika nyumba ambazo wenyewe wamekimbia. Aliyekuja kwetu alikuwa jirani, karani, mtu aliyekuwa akifuturu kwetu Ramadhani nzima.

"Nimesimama mlangoni, nimembeba kaka yako," Mama alisema. "Kaandika nyumba haina mwenyewe. Nikamuuliza, mimi hapa si mtu? Akanambia, bibi, ndivyo nilivyotumwa. Alikuwa na hati nzuri ya mkono yule, nnaiona mpaka leo."

Akapepeta sinia mara mbili tatu.

"Na wewe ulitumwa?"

"Nilitumwa, Mama."

Hakunitukana na hakulia. Aliosha mchele, akaubandika. Kwa wiki nyingi baadaye alizungumza na mimi vizuri, habari za umeme na za harusi za watu, lakini habari za kazini hakuniuliza tena. Yeye aliyezoea kuuliza kila siku, leo mmeandika nini.

Nilikwenda Ulaya. Nalisema hili ili ijulikane kwamba matunda niliyala. Nilikaa mwaka mzima katika mji wa baridi, nikasoma tafsiri ya mikataba, na nikapata alama nzuri. Kule darasani mwalimu mmoja alitufundisha jinsi ya kuandika sentensi ambayo kila upande unaweza kuisoma kwa namna yake, na akaisifu kama ustadi mkubwa. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje, nikasimama ukumbini mpaka kipindi kikaisha.

Niliporudi Muscat mradi ulikuwa unafungwa. Mpango wa mataifa makubwa ulikuwa umekwama kwenye hatua ya mwanzo kabisa, na muda wa kila hatua ulikuwa umeshapita. Afisa wetu alikuwa amehamishiwa nchi nyingine, kwenye mradi mwingine wa amani. Nilikwenda kuchukua vitu vyangu nikaikuta disketi kwenye boksi la vifaa, na ndani yake sentensi ikiwa kama nilivyoiandika jioni ile, kabla ya kufutwa.

Niliichapa nikiwa Mabela, si mbali na kwetu, kwenye duka la kutoa fotokopi. Nikaandika na barua kwa Kiarabu, kwa baraza la kijiji, nikasema mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za siku ile. Kwamba mhandisi alikataa kutia saini bila ya sentensi hii. Kwamba aliahidiwa mbele ya watu wote. Na kwamba niliiondoa mimi, kwa amri, yeye akiwa ameshapanda ndege. Nikaandika jina langu kamili na nambari ya simu. Kijana wa dukani alijaribu mara nne kabla ya faksi kupita. Nilipokuwa nasubiri nilijua vizuri kabisa kwamba barua hii imekuja wakati haiwezi kunikosesha chochote. Kazi ilikuwa imekwisha, cheti ninacho.

Hakuna aliyejibu. Ilipofika Idi simu ya nyumbani ililia baada ya sala, Mama akapokea, na kutokana na Kiarabu chake nikajua anazungumza na nani. Walizungumza muda mrefu. Alimpa pole ya mke, kumbe mkewe alikuwa amefariki. Nilisimama karibu nikiwa nimenyoosha mkono kuungojea mkonga wa simu. Mama alimwombea dua, akaagana naye, akaurudisha mkonga mahali pake.

"Kasema barua yako imefika," aliniambia.

"Wameisoma barazani?"

"Wameisoma. Baraza jipya hilo, wa zamani wamekwisha toka."

"Na kisima?"

"Mambo ya kisima hakuyataja."

Nilimuuliza kama amesema kitu kingine. Mama alisema kaulizwa habari za miguu yake, kama bado inamvimba, akaingia jikoni kuwapakulia wageni.

Baada ya hapo nilipata kazi mtaa wa Ghala, hapa hapa Muscat, kwenye kampuni inayoingiza pampu na mashine za kupozea hewa. Natafsiri vitabu vya maelekezo kwa mafundi. Kazi hii naipenda. Nikiandika kwamba skurubu ifungwe upande wa kulia na mtu akaifunga kushoto, mashine inavuja, na kila mtu anaona. Kwenye televisheni wajumbe wameendelea kwenda na kurudi, mmoja anastaafu, mwingine anateuliwa, na kila mmoja husimama katikati ya bendera mbili akasema madola mawili. Mama akiwasikia hubadilisha stesheni, taratibu.

Mwaka mmoja nikiwa kazini nilipigiwa simu na bibi mmoja wa sauti nzuri. Alisema kutakuwa na mkutano hotelini kuhusu maji na amani, na jina langu amelipata kwenye mafaili ya zamani, nimesifiwa sana. Wanataka mkalimani mwenye uzoefu. Nilimuuliza tamko la mwisho ataliandika nani. Akasema nisiwe na wasiwasi na hilo, limeshaandikwa tayari, kilichobaki ni kikao.

Nilimwambia siku hizo nina shughuli. Kisha nikarudi kwenye pampu niliyokuwa nayo, ukurasa wa kumi na mbili, palipoandikwa namna ya kuitoa hewa kabla ya kuiwasha.